Noti za kinanda zinaishia vibaya, na dawa imo ndani ya programu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie nyimbo zinazorekodiwa katika studio ndogo za Nyanda za Juu Kusini, hasa za kwaya na za injili, kuanzia Mbeya na Tukuyu hadi Njombe na Iringa. Wasikilizaji wanalalamika kwamba kinanda cha kompyuta hakina uhai, na wengine wanasema afadhali turudi kwenye magitaa. Masikio yao hayawadanganyi, ila wanailaumu kompyuta bure. Noti inaanza vizuri na kushikilia vizuri, kisha inaishia vibaya: ama inakatwa ghafla, ama inang'ang'ania mpaka inaingilia noti inayofuata.

Programu za kutengenezea muziki zinazotumika huku, iwe FL Studio, Cubase, Reaper au LMMS ya bure, zote zina chombo cha kurekebisha hali hiyo. Kinaitwa envelopu ya volumu. Maprodyuza wengi vijana hawakigusi. Wanaacha namba zilivyokuja na programu, halafu wanamwagia riverbu (mwangwi wa kubuni) juu yake wakitumaini itaficha kasoro. Haifichi. Noti iliyokatwa kwa mlio wa "tik" ikipitishwa kwenye riverbu, ule mlio nao unarefushwa na kutapakaa.

Envelopu ni mchoro unaoonyesha volumu ya noti moja inavyopanda na kushuka, tangu kidole kinapogusa kinanda mpaka kimya kinaporudi. Kwa kawaida ina sehemu 4. ATT ni muda wa kupanda kutoka sifuri hadi kilele. DEC ni muda wa kushuka kutoka kileleni hadi kiwango cha kutulia. SUS ndicho hicho kiwango cha kutulia, ambacho noti hukaa nacho muda wote kidole kikiwa kimebonyeza. REL ni muda wa kufifia baada ya kidole kuinuka. Shikeni sana hilo la SUS: vitufe vitatu vinapima muda, lakini SUS inapima kiwango cha sauti. Anayezungusha SUS akidhani anarefusha noti atashangaa kuona sauti inakuwa kubwa tu, na urefu uko palepale.

Mgawanyo huu ni wa siku nyingi kuliko kompyuta za mezani. Mwaka 1965 mtunzi Vladimir Ussachevsky, wa kituo cha muziki wa elektroniki cha Columbia-Princeton mjini New York, alimweleza Robert Moog, mtengeneza mitambo ya kuunda sauti kwa umeme, aina ya envelopu aliyoitaka kwenye mitambo hiyo, yenye sehemu hizo nne. Baadaye kampuni ya ARP, iliyotengeneza mitambo kama hiyo, ikazipa majina mafupi tunayoyaona hadi leo kwenye skrini.

Jambo ambalo halielezwi vya kutosha ni kwamba REL haianzii kileleni. Inaanzia pale volumu ilipo wakati kidole kinainuka. Chukua sampuli (sauti fupi iliyorekodiwa) ya marimba, weka SUS sifuri na DEC milisekunde 600. Ukiandika noti ya sekunde 1, volumu itakuwa imefika sifuri kabla noti haijaisha, na REL haitakuwa na kitu cha kufifisha. Utaizungusha mpaka mwisho na hutasikia tofauti yoyote. Fupisha noti ile ile iwe milisekunde 200, na ghafla REL inafanya kazi, maana noti imeachiwa ikiwa bado juu. Ndiyo maana wimbo mmoja unaweza kuwa na noti ndefu zinazosikika sawa na noti fupi zinazokatika, na zote zimetoka kwenye chombo kimoja chenye namba zile zile. Ukikutana na hali hiyo usibadilishe sampuli. Angalia kwanza urefu wa noti dhidi ya DEC.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, jiulize chombo unachokiiga kinapata wapi nguvu ya kuendelea kulia. Ogani, filimbi na sauti ya mtu vinaendelea kulia kwa sababu hewa inaendelea kusukumwa. Hivyo SUS inakuwa juu, na mwisho ni mfupi. Gitaa, piano, marimba na ligombo la Wahehe havina nguvu ya pili. Uzi au ulimi wa chuma ukishapigwa unaanza kupoteza nguvu papo hapo, hata kama hakuna aliyeugusa tena. Vyombo hivyo SUS yake ni sifuri, na kazi yote inafanywa na DEC. Sauti ya uzi iliyowekewa SUS ya asilimia 100, tena ikizungushwa ijirudie, hugeuka king'ora. Msikilizaji hajui kimetokea nini, lakini anajua hajawahi kusikia uzi wa namna hiyo.

Isipokuwa sampuli ikiwa ni ndefu na nzima. Piano iliyorekodiwa mpaka sauti ikafa yenyewe tayari imebeba kushuka kwake ndani. Ukiongeza DEC juu yake unaishusha mara mbili, na piano inasikika kama imefunikwa blanketi. Kwa sampuli kama hiyo, weka SUS juu kabisa, achana na DEC, na ushughulikie REL peke yake, milisekunde 150 hadi 300, ambayo ndiyo kazi ya kitambaa kinachoushika uzi wa piano pale kidole kinapoinuka.

Sasa twende kwenye programu zenyewe.

FL Studio ndiyo inayotumika zaidi kwa vijana, na ina tabia moja inayowachanganya. Ukiingiza sampuli kwenye chaneli ya Sampler, envelopu ya volumu inakuwa imezimwa, na sampuli inapigwa mpaka mwisho wake bila kujali urefu wa noti uliouchora. Kwa ngoma ni sawa. Kwa besi au kinanda ni fujo, kwa sababu noti ya nusu pigo na noti ya mapigo manne zinalia muda ule ule. Fungua dirisha la chaneli, nenda kwenye ukurasa wa envelopu, chagua volumu, na uwashe ile taa ndogo. Kuanzia hapo noti inatii urefu wake. Kisha shughulika na ATT, DEC, SUS na REL. Chini ya vitufe vya muda kuna vitufe vidogo vya kukunja mstari, vinavyobadilisha kushuka kwa mstari ulionyooka kuwa kushuka kwa mkunjo. Msiviruke, sababu inakuja hapa chini.

Kwenye LMMS, vitufe viko kwenye ukurasa wa envelopu wa kila chombo, lakini kuna kitufe kimeandikwa AMT, ambacho ni kiasi cha envelopu kinachoruhusiwa kugusa volumu. AMT ikiwa sifuri, hata uchore envelopu nzuri namna gani haitasikika. Ipandishe hadi 1. Kwenye Reaper, sampla (kipiga sampuli) yake ndogo ya ReaSamplOmatic5000 ina kisanduku cha kuamuru sampuli itii mwisho wa noti. Kisipowekwa tiki, REL haina kazi. Na msichanganye envelopu ya noti na ile ya njia (track) nzima inayotokea ukibonyeza herufi V. Ile ya pili inapandisha na kushusha volumu ya kila kitu kilichomo kwenye njia hiyo, na haijui noti inaanzia wapi wala inaishia wapi.

Kwa wenye kompyuta kongwe ambayo haibebi programu kubwa, kuna programu za aina ya traka (za kuandika muziki kwa herufi na namba katika safu), kama OpenMPT na MilkyTracker, ambazo ni nyepesi na za bure. Asili ya mfumo wa faili wa XM unaotumika humo ni FastTracker 2 ya kikundi cha Triton cha Sweden, mwaka 1994. Humo envelopu inachorwa kwa nukta, kila nukta ikiwa na kiwango kati ya 0 na 64, na muda unapimwa kwa tiki. Tiki moja ni sekunde 2.5 ukigawanya kwa mwendo wa wimbo, kwa hiyo kwenye mwendo wa 125 tiki ni milisekunde 20. Chombo kisicho na envelopu kikipewa amri ya kuachia noti, kwenye XM kinanyamaza papo hapo, na hapo ndipo vinanda vya traka vinapopata ile sifa ya kukatika kama kwa mkasi. Jaribu nukta hizi: tiki 0 kiwango 64, tiki 4 kiwango 48, na hapo weka alama ya kushikilia. Kisha tiki 16 kiwango 24, tiki 28 kiwango 12, tiki 40 kiwango 6, tiki 52 kiwango 3, tiki 60 kiwango 0. Ni nukta 7 tu, na FastTracker 2 inaruhusu hadi 12. Ukiachia noti, sauti inapungua nusu kila baada ya tiki 12 na inaisha kwa milisekunde 1,120. Ukipunguza mwendo hadi 100, tiki inakuwa milisekunde 25 na mkia, yaani sauti inayobaki ikififia baada ya noti kuachiwa, unarefuka wenyewe hadi milisekunde 1,400. Mkia unaofuata mwendo wa wimbo bila kuguswa ni faida ambayo programu kubwa nyingi hazikupi bila kuhangaika.

Ni kwa nini tupunguze nusu, nusu tena, badala ya kushuka kwa mstari mmoja ulionyooka? Sikio linapima sauti kwa uwiano. Uzi unaopoa wenyewe hupoteza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) zile zile kwa kila kipande cha muda kilicho sawa, na masikio yetu yamezoea hivyo tangu utotoni. Mstari ulionyooka hauendi hivyo. Chukua mkia wa sekunde 2. Kwa mstari ulionyooka, ukifika sekunde 1 volumu imeshuka desibeli 6 tu. Ukifika sekunde 1.5 imeshuka 12. Ukifika sekunde 1.8 imeshuka 20, na zile milisekunde 200 za mwisho ndizo zinazobeba safari yote iliyobaki mpaka kimya. Sikio linasikia sauti iliyokaa pale pale muda mrefu, halafu ikaanguka. Kwa mkunjo unaoshuka desibeli 60 katika sekunde hizo hizo 2, sauti inapungua desibeli 6 kila milisekunde 200 bila kuruka, na katikati ya safari imeshafika chini desibeli 30. Namba ya REL ni ile ile, lakini mikia ni miwili tofauti kabisa. Anayenakili namba kutoka programu moja kwenda nyingine bila kuangalia umbo la mstari atapata matokeo yasiyofanana, na atadhani sampuli zake ndizo mbovu.

Tumetaja mlio wa "tik". Unatokana na wimbi la sauti kukatwa likiwa mbali na mstari wa sifuri. Spika inaamriwa kuruka kutoka mahali ilipo hadi sifuri kwa kitambo kidogo mno, na mruko huo ni kelele ya masafa yote kwa pamoja. Dawa ni kufifisha, hata kwa kifupi, lakini kifupi kiasi gani kinategemea kina cha noti. Noti ya la inayotumika kutunia vyombo, Hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), mzunguko wake mmoja ni kama milisekunde 2.3, hivyo REL ya milisekunde 10 inatosha. Uzi mnene wa gitaa la besi ni Hezi 41, na mzunguko mmoja unachukua milisekunde 24. REL ya milisekunde 5 kwenye noti hiyo inalikata wimbi kabla halijamaliza hata robo ya mzunguko, na unasikia kishindo kidogo kila noti inapoisha. Kwa besi msishuke chini ya milisekunde 30. Sisi tunaanzia 60 hadi 100. Hali ni hiyo hiyo upande wa ATT: besi ikianza kwa sifuri kamili inaweza kugonga, na milisekunde 2 hadi 5 zinaondoa kero bila kuufanya mpigo uchelewe.

Kasoro hii haisikiki kwenye spika ya simu, kwa sababu spika ya simu haitoi besi ya chini. Inakuja kusikika siku wimbo unapopigwa kwenye spika kubwa za mkutano wa injili, na wakati huo albamu imeshasambazwa.

Mikia mirefu nayo ina hasara yake, na kwa nyimbo za kwaya ndiyo kubwa zaidi. Nyimbo zetu nyingi zinaandikwa kwa sol-fa na kodi zake (tunamaanisha noti zinazopigwa pamoja, si ushuru) hubadilika mara kwa mara, pengine kila pigo. Tuseme mwendo ni mapigo 80 kwa dakika. Ukigawa 60,000 kwa 80 unapata milisekunde 750 kwa pigo. Kinanda kinatoka do-mi-so kwenda so-ti-re. REL ikiwa sekunde 3, ile do ya kwanza bado inalia wakati ti inaingia, na do na ti zimeachana nusu hatua tu. Mi nayo inasukumana na re. Waimbaji wa sauti ya pili wakisikiliza kinanda hicho kwenye hedifoni wanapoteza noti yao, na fundi mitambo anadhani wao ndio hawajafanya mazoezi.

Kanuni tunayoitumia ni kuhakikisha mkia umeshuka angalau desibeli 20 ndani ya nusu pigo la kwanza la kodi mpya. Kwa mapigo 80, nusu pigo ni milisekunde 375. Mkunjo wa desibeli 60 wenye REL ya milisekunde 1,100 unashusha desibeli 20 kwa theluthi ya muda huo, yaani kama milisekunde 367. Inakaa sawa. Wimbo wa mapigo 120 una nusu pigo la milisekunde 250, basi REL ishuke hadi karibu 750. Kuna na njia nyingine ambayo walimu wa kwaya wataielewa upesi kuliko maprodyuza: noti iliyo ya pamoja kati ya kodi mbili, kama so kwenye mfano huu, ichorwe kuwa noti moja ndefu inayovuka. Do na mi peke yake ndizo zinaachiwa, tena zinaweza kuachiwa robo pigo kabla. Kinanda kinapata mshikamano bila kuchafuka.

Mkia mrefu unakula pia nguvu ya kompyuta. Kodi ya noti 4, ikibadilika kila milisekunde 750 na REL ya sekunde 3, inamaanisha kodi 4 za nyuma bado zinafifia wakati ya tano inalia. Hizo ni sauti 20 kwa wakati mmoja kutoka chombo kimoja. Kama chombo kimewekewa kikomo cha sauti 16, kitaanza kuzikata zilizotangulia ili kupisha mpya, na kile kinachokatwa kinakatwa ghafla. Prodyuza anasikia mikato, anaongeza REL akidhani ni fupi, na mikato inazidi. Kipe chombo REL fupi zaidi au ongeza kikomo, mikato itaisha.

Kwa anayetaka mahali pa kuanzia: ogani ya kanisa ATT milisekunde 10 hadi 20, SUS juu, REL 80 hadi 150. Nyuzi za okestra ATT 150 hadi 300, REL 400 hadi 700. Kiki (ngoma kubwa ya chini) ATT sifuri au 1, SUS sifuri, DEC 200 hadi 350, na hakikisha imekwisha kabla noti ya besi inayofuata haijaingia. Kama programu yako haikuoneshi milisekunde waziwazi kwa kila kitufe, toa noti moja kama faili la WAV, ifungue kwenye Audacity, na upime mkia kwa kuuchagua na panya. Ni kazi ya dakika moja na inamaliza ubishi.

Tunatamani zaidi kuwaona vijana wa Iringa wakirekodi ligombo na vijana wa Rungwe wakirekodi ngoma zao wenyewe, kuliko wote kutumia sampuli za nje. Ligombo, ule ubao wenye mtaro na uzi uliopitishwa juu yake mara kadhaa, linarekodiwa vizuri hata kwa maikrofoni ya kawaida, mradi mkia wake usiharibiwe. Rekodi kwa biti 24, kila noti peke yake, kwa mkono mwepesi, wa kati na mzito, na subiri sauti ife kabisa kabla ya kugusa tena uzi. Zile noti nyingine zizuiwe kwa kitambaa, la sivyo zitaitikia na kuingia kwenye rekodi.

Adui hapa ni mabati. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua huku ni ya kweli, na hata manyunyu ya Njombe au Makete yanaacha mnong'ono wa kudumu chini ya rekodi. Sauti ya uzi inaposhuka, mnong'ono unabaki, na wengi wanaweka geti (chombo cha programu kinachozima sauti ikishuka chini ya kiwango fulani) linalofunga kwa ghafla. Matokeo yake kila noti inaishia na mvua iliyokatwa, na ukipiga noti nyingi mvua inapumua juu na chini pamoja na muziki. Geti liondoeni. Rekodi sekunde 5 za chumba kikiwa kimya, angalia kiwango chake. Tuseme ni desibeli 50 chini ya kilele. Sasa fuata mkia wa noti mpaka ufike kama desibeli 40 chini, yaani 10 juu ya kelele, na kuanzia hapo fifisha kwa mkunjo wa milisekunde 300 hadi 600. Mvua inaondoka pamoja na uzi, na sikio halioni mpaka. Noti za juu fanyeni mapema kuliko za chini, kwa sababu nyuzi fupi hupoa haraka. Ukiweka mkia mmoja kwa noti zote, za chini zitakatika na za juu zitaachiwa zikiburuta kelele.

Walimu wa kwaya nao wana sehemu yao. Wimbo unaopigwa kutoka kwenye flashi huku kwaya ikiimba moja kwa moja kanisani unahitaji toleo lake. Ukumbi wa kuta za tofali, sakafu ya saruji na paa la bati lisilo na dari una mkia wake tayari. Pigeni kofi moja ukumbi ukiwa mtupu na msikilize muda inaochukua sauti kupotea. Ikiwa inafika sekunde 2, kinanda chenye REL ndefu na riverbu juu yake kitakuwa uji. Mwambieni prodyuza awape matoleo mawili: moja la kusikiliza redioni na kwenye simu, na jingine la ukumbini, riverbu ya vinanda ikiwa imezimwa na REL zimepunguzwa nusu. Faili la mradi lipo, kazi hiyo ni ya saa chache, na inafaa iandikwe kwenye makubaliano kabla fedha haijalipwa.

La mwisho ni namna wimbo mzima unavyozimika. Kuna mtindo wa kushusha volumu ya njia moja moja, halafu komprisa (chombo cha kubana sauti kubwa) ya mwisho ikawa bado imewaka juu yake. Komprisa inaona sauti inashuka, inaacha kuibana, na inarudisha sehemu ya kile ulichokipunguza. Unapata wimbo unaofifia kwa kusitasita na kubadilika rangi njiani. Kushusha kwa mwisho kufanyike baada ya komprisa na limita (kizuizi cha vilele), kwenye njia kuu, kwa mkunjo, sekunde 8 hadi 12, na kuanzie mwanzoni mwa mstari wa kiitikio badala ya katikati ya neno. Envelopu za noti nazo zirekebishwe komprisa hiyo ikiwa imewashwa, kwa kuwa inainua mikia, na REL iliyokaa vizuri bila komprisa itasikika ndefu ikiwepo.

Unapotoa faili la biti 16, washa dither (kelele ndogo mno inayoongezwa makusudi). Biti 16 zina nafasi ya desibeli 96 hivi, na mkia unaofifia unapita kwenye ngazi za chini kabisa za nafasi hiyo, ambako bila dither sauti inaanza kukwaruza kabla ya kunyamaza. Kisha acha kimya cha sekunde 1 baada ya mkia kuisha, ndipo uweke mwisho wa faili. Mitambo mingi ya kupigia flashi inarukia wimbo unaofuata pale pale faili linapoishia, na nusu sekunde ya mwisho ikipotea, inapotea na mkia wa noti.

Mafundi mitambo na watengeneza muziki,
Mwanjelwa, Mbeya, na Kihesa, Iringa